Nilikosa bourse, feza ya masomo, kwa sababu mu auditoire muzima hapana hata batu wawili banaojua niko na shida

Bakubwa wa humu, jambo yenu.

Mi niko mutu ya kusoma mambo ya bengine humu na kunyamaza. Myaka mbili ninapita tu, sisemi kitu. Leo acha nami niseme yangu. Nimebadilisha majina ya batu, basi. Bingine byote ni kweli, hata fasi ile inayonipa haya nimeiacha na haya yake.

Mi ni étudiant wa droit, mambo ya sheria, hapa Butembo, troisième année, mwaka wa tatu. Kwetu ni Beni. Baba alikuwa shemasi wa kanisa, na alikuwa na shamba ya kakao. Shamba ingali kule, lakini hapana mutu wa kuingia tena juu ya batu ya bunduki, ninyi wa huku munajua. Baba alikufa na ugonjwa wakati nilikuwa ninamaliza secondaire. Aliniachia suti yake ya kuhubiria, ya bleu. Ile suti njo iliniponza.

Kwa bale hawajui droit: sisi tunavaa costume na cravate. Kuanzia siku ya kwanza. Batu ya agronomie, ya kilimo, banakuja na bottes za tope, sisi tunakuja sawa tunaenda ku harusi. Mi niko na suti moja. Ninaifua siku ya posho, ni kusema Jumamosi, na munajua mvua ya Butembo na baridi yake. Kuna siku ya kwanza mingi, Jumatatu, nimeingia mu cours na suti ingali na maji ku mabega. Mutu akiniuliza "mbona unatetemeka?" ninasema niko na malaria.

Sasa, juma ya kwanza ya première année, kijana mumoja aliniangalia ile suti akauliza, "Baba yako anafanya kazi gani?"

Na mi, bila kufikiri, nikajibu, "Baba iko Dubai, anatumaka bitu."

Basi. Neno moja tu! Hapa kwetu batu ya biashara banaenda Dubai sawa benye kwenda soko, hakuna mutu alishangaa. Toka siku ile jina yangu ikawa Patron, ni kusema tajiri. "Patron, habari?" "Patron, uko sawa?" Nami ninaitika. Mungu wangu, nilikuwa ninaitika na meno inje.

Ku banc yangu tunakaa wawili na Paluku, mutu wa Lubero. Muchangamfu, anacheka na sauti kubwa. Aliniambia kwao biko na ng'ombe mingi. Ikifika midi, saa sita, bengine banashuka kwa mama moja karibu na barabara kukula maharagi na bugali. Mi ninabaki. Wakiniita ninasema, "Nimeshiba, asubuhi nilikula sana."

Paluku naye anabaki. Anafungua syllabus, anasoma. Nilikuwa ninasema mu roho: huyu anapenda kitabu kweli.

Mi ninaishi peke yangu mu chumba kimoja, mbali kidogo na centre. Mama iko Beni, analima bustani ya kukodi karibu na muji. Akipata nafasi ananitumia unga ya muhogo mu gari. Ku simu anauliza paka maulizo mbili.

"Kasereka, unakulaka?"

"Ninakulaka, mama."

"Na marafiki uko nao?"

"Mingi, mama. Mingi sana."

Kisha ninaweka simu chini, ninaangalia ukuta. Kuna wikendi nilikuwa ninafika siku ya kwanza nikipata sauti imekauka, juu siku mbili sikusema na mutu hata mumoja. Hii sichezi, ilikuwa hivyo.

Mwaka huu mambo ikakaza. Frais, feza ya kulipa shule, ikashinda mama kabisa. Bila kulipa, examen, ile mitihani, hapana. Bila examen, ninafunga sanduku, ninarudia Beni. Njo nikaona tangazo ku valve, pale wanabandikaka matokeo: bourse ya ba étudiants wa droit wenye shida. Association moja ya bakristo, sitaitaja.

Walikuwa wanaomba points nzuri, nilikuwa nazo. Lettre de motivation, barua ya kujieleza, niliandika mara ine. Attestation d'indigence, ni kusema karatasi ya chef wa quartier, wa mutaa, na ya kanisa kwamba kwenu kweli biko bibaya. Nikaenda Beni kwa ile. Mama alivaa kitambaa chake kizuri, tukaenda pamoja kwa pasta. Pasta alimujua baba, aliandika bila kuuliza mingi. Mama alikuwa anaangalia chini wakati wote.

Mais kulikuwa karatasi moja ya mwisho. Étudiants wawili wa promotion moja na weye, wa darasa yako, baandike kwamba banajua shida yako, bameiona na macho yao. Kisha commission itabaita, mumoja mumoja, kubauliza.

Nikamuelezea mama. Akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Ah, ile njo rahisi! Si uko na marafiki mingi?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Ile ni rahisi."

Bakubwa, nilirudi Butembo, nikaingia mu auditoire, darasa yetu kubwa, nikasimama pale mlangoni na ile karatasi. Kila mutu, "Patron! Patron umerudi!" Nikapitisha macho mustari kwa mustari. Nilikuwa ninatafuta mutu mumoja tu aliyewahi kufika kwangu. Hakuna. Mutu mumoja anayejua baba alikufa. Hakuna! Myaka mbili na nusu, na kazi yote nilikuwa ninafanya ni kuficha, na niliificha muzuri mpaka nikabaki peke yangu na yenyewe.

Nikajikaza, nikaenda kwa Masika, chef de promotion wetu. Ni dada wa kusema kweli usoni. Alisoma karatasi, akaniangalia.

"Mais Kasereka, mi nitasema nini? Banatuita kutuuliza. Mi shida yako niliiona wapi?"

Nikavuta karatasi yangu.

"Sikatae," akasema. "Nipeleke kwako. Nikiona, ninasaini palepale. Tuende siku ya tatu, Jumatano, cours ikiisha?"

"Tutaenda," nikasema.

Na alikuwa na haki. Sisi bote tunafundishwa: shahidi asiyeona, huyo si shahidi.

Siku ya tatu cours ikaisha. Nikamuona Masika anafunga sac yake, ananitafuta na macho. Na mi nikaanza kuona chumba changu: mukeka chini, sufuria moja, kamba ya kuanikia suti, dirisha niliifunga na carton. Nikaona Masika amesimama pale mlangoni hajui aweke fasi gani viatu vyake.

Nikapita mulango ya nyuma. Nikazima simu. Ndiyo, nilikimbia. Mulitaka kweli, njo hii.

Ikabaki Paluku. Kwa yeye nilijifanya ninacheka. Ilikuwa midi, tuko wawili kama siku zote.

"Paluku, na mi nikiomba ile bourse, utanisainia?"

Akapiga kicheko kikubwa. "Wee Patron! Mutoto ya Dubai anataka bourse ya batu ya shida! Achia bengine, ndugu yangu!"

Nami nikacheka. Tukacheka bote. Kisha akarudia syllabus yake, na ile page hakuigeuza mpaka midi ikaisha. Niliona, mais sikuelewa.

Siku ya mwisho nikapeleka dossier hivyo hivyo. Mama wa secrétariat alihesabia makaratasi polepole, akafika ku ile ya mwisho, akaigeuza, akaangalia na nyuma.

"Mutoto yangu, hii iko mweupe."

"Ndiyo, mama."

"Hauna hata marafiki wawili?"

Akauliza na huruma, hakutaka kunichoma. Nikasema niko nao. Akanirudishia dossier, nikashuka ngazi, mvua inanyesha, nikaenda nayo hivyo bila kuifunika. Nililia mu barabara. Mvua ilinisaidia kidogo.

Kisha majuma mbili wakabandika liste. Sijui mi nilienda kutafuta nini. Nikasoma majina kutoka juu, nikafika katikati.

Paluku.

Nikasoma tena. Paluku wangu, mutu ya ng'ombe mingi. Nikageuka, naye amesimama nyuma yangu, hacheki.

"Masika alifika kwangu na mwenzake mumoja," akasema. "Balisaini bote wawili. Weye sikukuomba, juu uko mutu ya Dubai. Niliogopa utanicheka."

Nikamuambia, "Paluku, baba yangu iko mu kaburi, Beni."

Akaangalia chini, akaangalia suti yangu. "Na hii?"

"Ni yake."

Kisha pole pole: "Kumbe zile midi zote..."

"Eeh."

"Na weye?"

"Na mi."

Myaka mbili na nusu, bakubwa! Batu wawili ku banc moja, njaa moja, kila mumoja anaambia mwenzake ameshiba.

Fundisho kwangu ni hii: usingojee karatasi ikuulize nani anakujua. Tafuta batu wawili tu, wa kweli, bafike kwako, baone mukeka na sufuria. Haya itakuuma siku moja. Ile ya kuficha inauma kila siku, na hapana mutu wa kukuambia pole.

Mais nisijifanye mwalimu. Jana midi Paluku alikuwa anashuka kwa mama wa maharagi, sasa anaweza. Akarudi mpaka mlangoni, akaita, si Patron, jina yangu: "Kasereka, kuja tukule."

Na kinywa changu, chenyewe, kikajibu, "Nimeshiba."

Akasimama kidogo, akaenda. Nikabaki na banc yote.

Masika angali ananingojea juu ya ile siku ya tatu. Examen inakaribia, na wanasema bourse itafunguka tena kisha pale. Sijui kama mi nitakuwa ningali hapa ao Beni. Ninyi munaosoma, wacha niulize: leo wakikupa ile karatasi mweupe, utaandika majina ya nani? Muandike hapo chini, hata jina moja tu.

Mi ninaanza. Paluku. Kesho midi akirudi kuniita, nitasema njaa iko.