Sera wa Kibanda cha Kuchajia

Plastiki iliyopashwa moto na jua ina harufu yake, na ikichanganyika na maji ya betri ya gari na mihogo iliyoanikwa kwenye mwamba wa jirani, mimi narudi umri wa miaka kumi na minne hapo hapo nilipo. Ndiyo harufu ya kibanda cha shangazi yangu Spesioza cha kuchajia simu, kule Nyarubungo. Juu ya bati palikuwa na paneli moja ya sola, chini ya meza betri mbili, na juu ya meza simu za watu zimelala kwa mistari kama watoto wa chekechea waliolazimishwa kusinzia, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Tulikuwa tumemaliza mtihani wa darasa la saba na tunasubiri matokeo. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kuja na kuondoka. Shangazi alienda shambani asubuhi akaniacha na simu zile, na kazi yangu ilikuwa kuangalia ipi imejaa, kumwamkia anayekuja kuchukua, na kusubiri aseme marahaba mwanangu, imejaa? Nilipenda kazi ile kwa sababu simu haziulizi maswali. Nilikuwa mwoga wa watu kiasi kwamba shikamoo yangu wazee waliisoma kwenye midomo.

Waliokuja kukaa nami walikuwa wawili. Deusi, Msubi wa pale pale, tuliyesoma naye darasa moja, alikuja kila siku na simu ya tachi ya kaka yake, akidai ameileta kuchaji, lakini ukweli ni kwamba alitaka mtu wa kumpa habari. Alikuwa na redio, na Jumamosi asubuhi redio ile ilikuwa na kipindi cha teknolojia ambacho Deusi alikisikiliza kama wengine wanavyosikiliza mahubiri. Kutoka kwake tulijua kuna simu inayokunjwa kama chapati, kuna miwani inayokuonyesha njia, kuna gari linalokwenda bila dereva. Wa pili alikuwa Kabula, ambaye familia yake ilihamia Nyabusozi, kijiji cha jirani, na ng'ombe kutoka Shinyanga. Yeye hakuvutiwa haraka. Habari ya gari alitaka kujua likikutana na ng'ombe barabarani ni nani atakayepiga honi, na nani atakayeshuka kugombana na mchungaji. Deusi alifikiri sana, akasema swali hilo atawapelekea redioni. Mama yake Kabula alibaki Shinyanga walipohama, akasema atawafuata. Ilikuwa mwaka wa pili sasa. Kabula alilitaja jambo hilo mara moja tu, huku akifungua waya uliojisokota, na hatukumwuliza zaidi.

Mimi niliingia katika mazungumzo yao kwa bahati. Siku moja Deusi alisema roboti haliwezi kulia, kwa sababu maji yataharibu nyaya, nami nikajikuta nasema, wapo wanaolia. Wakanigeukia wote wawili. Nilikuwa nimetoka Biharamulo mjini kwa binamu yangu mwenye kompyuta, na kule niliona sehemu tatu za katuni ya mtandaoni, ya roboti msichana aliyeachwa njiani na fundi aliyemtengeneza. Fundi alimwambia, nisubiri hapa, narudi. Nikawasimulia sehemu ya kwanza siku ile nikiwa nimeshika simu ya mzee mmoja mkononi ili nisiangalie nyuso zao. Siku ya pili nikasimulia ya pili, na ya tatu siku iliyofuata. Siku ya nne walikuja mapema, wakakaa wakinisubiri, na nikaona kwamba sina kitu tena. Ningesema zimeisha, tungerudi kwenye mambo ya redio, na mimi ningerudi kuwa mtu wa kuangalia chaji. Nikafungua mdomo nikaendelea.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika. Kila asubuhi kabla ya kwenda kibandani nilikaa nyuma ya jiko na daftari la hisabati lililobaki kurasa, nikapanga Sera atafanya nini leo. Roboti yule tulimwita Sera. Midomoni mwetu R na L hupishana zinavyotaka, na mwalimu wetu wa Kiswahili alichoka kutusahihisha tulioandika tumerara badala ya tumelala. Sera wangu alitembea akitafuta fundi wake. Alifika kwenye kijiji cha wafugaji, akaomba maji ingawa hanywi, kwa adabu tu. Akafundishwa kukamua, akapigwa teke na ng'ombe aitwaye Mabaka, bati la goti likabonyea. Alichajiwa na jua peke yake, hivyo siku za mvua alilala chini ya dari la ghala la mahindi na watoto wakaja kumgonga kifuani kusikia kama kuna mtu. Kabula alicheka mpaka akashika ubavu. Deusi alikwenda kumsimulia kaka yake, na kaka yake akauliza ya kesho. Sijawahi kupendwa vile. Kadiri walivyonipenda ndivyo nilivyoogopa, kwa sababu ukweli ulikuwa mtandaoni, unamsubiri mtu mwenye bando.

Na bando lilipatikana. Nyuma ya kibanda palikuwa na kichuguu kikubwa, mahali pekee mtandao ulipofika, na ukitaka kufungua kitu ulipanda pale na kunyoosha mkono. Deusi alipanda na simu ya kaka yake, sisi tukasimama chini. Akaandika SERA, akasubiri kiduara kizunguke, kisha akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma tangazo la kijiji: Sera ya kilimo. Sera ya maji. Sera ya mifugo.

"Loboti wenu kaingia serikalini," Kabula akasema.

Tulicheka, mimi zaidi yao, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Deusi alijaribu tena siku iliyofuata, na iliyofuata, akaongeza neno katuni, akaongeza neno roboti, ikaja mikutano na semina. Mimi nilikuwa nimeliona jina lile kwenye kompyuta ya binamu kwa herufi kubwa za bluu. Nilijua ni SELA. Herufi moja tu ilikuwa imesimama kati yao na ukweli, na mimi niliiacha isimame. Zaidi ya wiki mbili niliwaangalia wakipanda kichuguu na kushuka bure, nami nikanyamaza. Naandika hili kwa sababu kunyamaza kwangu watu hukuita upole, na siku zile haukuwa upole.

Kisha baba yake Kabula akaamua kuhamishia ng'ombe upande wa Ngara, na Kabula angesomea huko. Alituambia siku ya Alhamisi, kwamba wanaondoka Jumapili. Hakuonekana na huzuni. Alivuta kigoda, akakaa, akaniuliza kitu kimoja tu, tena bila kuniangalia.

"Edi, huyo fundi alirudi?"

Nilikuwa na jibu tayari daftarini. Nilikuwa nimeandika amerudi, amezeeka, amemtambua kwa goti lililobonyea. Lakini nilimtazama Kabula akiusubiri mdomo wangu, nikaona kwamba simsimulii tena katuni. Nikiongopa hapa, nitakuwa nimemwahidi kitu ambacho si changu kuahidi. Nikainuka. Nikamwomba Deusi simu, nikapanda kichuguu mwenyewe, mara ya kwanza, nikaandika herufi nne. S, E, L, A. Kiduara kikazunguka kidogo tu. Zikaja sehemu zote, zimepangwa na namba.

Tulikaa watatu juu ya kichuguu, vichwa vimegusana ili kioo kipate kivuli, tukatazama ile ya mwisho. Ilikata na kuendelea, ikakata na kuendelea. Ndani yake Sela anampata fundi katika jiji lenye taa nyingi, na fundi ameshatengeneza mwingine, mpya, anayeng'aa. Fundi hamjui huyu wa zamani. Anampita. Muziki ukapigwa, majina ya watu yakaanza kupanda. Chini ya kichuguu kuku wa shangazi walikuwa wanaparua. Nikasema, bila kumwangalia yeyote, kwamba tangu ile sehemu ya nne yote nilitunga mwenyewe.

Deusi aliudhika kweli. Alisema kaka yake amewasimulia watu wa mnadani, na sasa atamwambia nini. Kabula alikuwa bado anaangalia kioo kilichozimika.

"Mimi nilijua tangu ulipomtaja Mabaka. Huko wanakotengeneza katuni nani anamjua ng'ombe wetu?"

Nikamwuliza kwa nini basi alituacha tutafute.

"Nilitaka nione kama wenye katuni wanajua mwisho," akasema. Akamrudishia Deusi simu. "Hawajui. Huyo wao hata kukamua hawezi. Lete hilo daftari unaloficha chini ya meza."

Nikashuka nikamletea. Ukurasa wa mwisho, ule wa fundi kurudi, niliuchana kwanza nikautia mfukoni, na aliniona nikiuchana, akaniacha niuchane. Aliondoka Jumapili na hadithi isiyoisha, daftari likiwa ndani ya beseni la vyombo.

Sasa niko kidato cha tatu, na naandika haya likizoni, nimekaa mahali pale pale. Kichuguu kilisawazishwa, kwa sababu mtandao siku hizi unafika mpaka jikoni. Shangazi ana paneli nne na simu nyingi zaidi, na vijana wanaosubiri chaji wamekaa benchi moja, kila mmoja na visikilizio vyake masikioni, kila mmoja anacheka kitu chake. Habari za Deusi za Jumamosi sasa kila mtu anazo tangu Ijumaa. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe nimemaliza katuni nyingi kimya kimya, na nimezisahau nyingi. Kabula hutuma ujumbe mara chache akipata simu ya baba yake. Mara ya mwisho aliandika kwamba wadogo zake wanamdai ya kesho, na kwamba Sera amevuka kilima, mvua imemkuta, amelala ghalani. Kuhusu mama yake hakuandika, nami sikuuliza.

Nikipata bando huwa naandika jina lile kwa L, na anakuja yule wao wa kwenye jiji la taa, na majina ya waliomtengeneza yanapanda. Kisha nafuta, naandika kwa R. Inakuja sera ya kilimo, sera ya maji, sera ya mifugo. Hapo naangalia kwa muda mrefu kidogo, maana huyo ndiye wetu, na bado anatembea.