Mguu Unaoshona Mwenyewe Akiwa Usingizini

Umewahi kusikia cherehani ikishona ilhali hakuna aliyeigusa?

Ni mchana, baada ya chakula. Fundi wa mapazia amejilaza kwenye godoro kando ya vitambaa vyake, usingizi umemchukua. Cherehani yake ya kukanyaga imefunikwa shuka, na bintiye ameuficha mkanda wa gurudumu lake ili mama apumzike. Hata hivyo mlio unasikika chumbani: tik, tik, tik, taratibu, kisha kwa kasi, kama mtu aliyefika kwenye mshono mrefu ulionyooka.

Binti anafunua blanketi alilojifunika mama. Ni mguu wa kulia wa mama yake. Kifundo kinapanda na kushuka, na ndani yake kitu kinagonga.

"Mwanzoni nilikimbilia nje," anasema binti. "Sasa nauambia tu, pumzika, mteja hajaja."

Mama akiamka hucheka. "Si jini, mwanangu. Ni mazoea na vyuma."

Vyuma alitiwa mwaka juzi. Alikuwa akitundika pazia kwa mteja, kigoda kikateleza, akatua kwa kisigino. Mfupa wa muundi ukapasuka chini kabisa, pale unapokalia kifundo. Kwanza alifungwa vyuma vya nje mpaka uvimbe ukanywea na ngozi ikakunjamana. Ndipo wakampasua, wakavipanga vipande na kuvibana kwa bamba na skrubu.

"Picha ilipendeza," anasema. "Daktari akaniambia mfupa umeunga. Nikamwuliza, mbona mwenye mfupa hajaungana nao?"

Gegedu, ule ulaini unaofanya kifundo kiteleze, lilikuwa limesagika siku ile ile ya kuanguka, ndiyo maana kifundo kinagonga na kuuma akikanyaga. Hata jua likiwaka, mguu huo huwa baridi kuliko mwenzake. Alijaribu kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. "Huo ni mgeni kazini," anasema.

Jirani yake humtania: "Shoga, siku hizi unashona ukikoroma? Basi pazia langu lishone kesho ukilala."

Wiki hii wamerudi kliniki. Daktari anaeleza kuwa kifundo kinaweza kufungwa kabisa, mifupa ishikane iwe mfupa mmoja. Maumivu yatapungua sana na atatembea, ila mguu hautapanda wala kushuka tena.

"Kifungeni," binti anajibu kabla mama hajafungua mdomo. "Mama anataka kutembea vizuri. Na hicho kitu kinyamaze."

Chini ya kiti, mguu umeanza. Daktari anausikia, kalamu yake inasimama.

Fundi anaweka kiganja gotini, kama anayembembeleza mtoto.

"Daktari, kutembea mlitaka ninyi," anasema. "Nami nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa mnanihurumia. Mimi tangu siku niliyoanguka nataka kitu kimoja tu, kukanyaga cherehani yangu. Kiacheni kiniume. Msikifunge."