Mdiria wa Njia ya Uwanja wa Ndege

Dada yangu mkubwa anaishi Ubelgiji, na alipokuja likizo alileta kamera yenye lenzi ndefu. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi, vitu vya watu sivitamani, lakini ile kamera niliipenda vibaya. Akaniona. "Mudogo wangu," akasema, "nipigie ndege mumoja tu asiye flu mbele ya Jumapili, nakuachia. Ukishindwa, narudi nayo." Flu ndiyo kusema picha imetoka na ukungu. Kwetu hapa ni tusi la kutosha.

Wiki nzima nilitukanwa. Kila jioni dada alichungulia kioo cha kamera na kuuliza, "Huyu ni ndege ao ni moshi ya makala ya kupikia?" Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi. Nikalaumu lenzi, nikalaumu jua, nikawalaumu ndege wenyewe kwa kukosa adabu ya kutulia. Mwishowe nikajilaumu mimi, na hapo mambo yakaanza kunyooka. Nikapandisha spidi ya kamera hadi moja juu ya elfu mbili ya sekunde, maana ndege hata akikaa, shingo yake haikai. Nikabana viwiko mbavuni. Nikaacha kulenga tumbo, nikalenga jicho. Pumzi nikaizuia kama ninapotunga uzi kwenye sindano.

Jumamosi, siku ya mwisho, nilitoka baada ya swala ya alfajiri hadi kwenye mashamba ya mpunga, kando ya njia ya uwanja wa ndege. Jua lilipopanda, mdiria, yule mvuvi mweusi na mweupe, alikuja juu ya mtaro akawa anapiga mabawa papo hapo, haendi mbele wala nyuma. Nikapiga nyingi. Akajitupa majini, akatua kwenye tete na kisamaki mdomoni. Nikapiga mara moja tu, kisha nikasikia viatu nyuma yangu.

Alikuwa askari. "Muze, unafanya nini hapa?"

"Napiga foto ya ndege, shefu," nikajibu bila kufikiri.

Yalaa! Kwa Kiswahili ndege ni anayetaga mayai, na ndege ni inayobeba abiria. Kwa Kirundi, lugha ya yule askari, indege ni ile ya abiria tu. Anayetaga ni inyoni. Na wakati huohuo moja ya abiria ilikuwa inashuka juu ya vichwa vyetu.

"Si hiyo! Inyoni, shefu, inyoni!"

Akanyoosha mkono, nikampa kamera. Wallahi niliogopa. Niliiona ikiondoka hata kabla ya Jumapili.

Akaanzia picha ya kwanza kabisa. Doa jeusi lenye mabawa, angani. "Na hii?"

"Inyoni."

Ya pili, doa jingine. "Na hii?"

"Inyoni, lakini ni flu."

"Mabawa naona," akasema. "Inyoni sioni."

Hata mimi sikuiona. Picha za wiki nzima, moja baada ya nyingine, zote zikinishtaki. Nikawaza kumpigia dada simu aje anitetee, halafu nikakumbuka kwamba yeye angekuwa shahidi wa kwanza wa askari.

Akafika ya mwisho. Akaisogeza karibu na uso. Jicho la mdiria lilikuwa limetoka wazi kabisa, na magamba ya samaki ungeweza kuyahesabu.

"Eh! Inyoni!" Akacheka mpaka kofia ikahama. "Na samaki yake! Hii bakisha, muze. Zile zingine futa, zitakuletea matata."

Nikazifuta zote mbele yake, na sikuhuzunika hata kidogo.

Nyumbani dada alifungua kamera. "Wiki muzima, foto moja?"

Akaikuza mpaka jicho likajaa kioo, akatafuta ukungu kila pembe. Halafu akaenda kwenye valizi yake iliyokwisha kufungwa, akaifungua upya, akatoa chaja ya kamera, akaniwekea mkononi.