Foleni ya Ndoo Nyuma ya Kiwanda

Kabla hajaanza kuhesabu watu waliokimbia mafuriko, Bi Vichwa alihesabu watu waliokimbilia mpira. Miaka kumi na mmoja alisimama kwenye geti la uwanja, mashabiki wakipita mbele yake wakisukumana, naye kidole gumba chake kikitembea juu ya pingili za vidole vingine, pingili moja mtu mmoja, na jioni hesabu yake ikilingana na vishina vya tiketi. Ugonjwa huo ulimfuata kila mahali. Msibani alihesabu, harusini alihesabu, na mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi, aliwaambia wateja kwamba mke wake siku akifa atainua kichwa kwanza aone wamekuja wangapi.

Kwa hiyo mto ulipofurika na vijiji vya bondeni vikahama, na shirika la misaada likatafuta watu wa kuwafuatilia waliohama, wako wapi, ni wangapi, wamekosa nini, nani mwingine angepewa kazi hiyo? Alipewa simu yenye fomu ndani yake, fulana ya bluu iliyombana mabegani, na dereva wa pikipiki aliyeitwa Taratibu. Jina hilo lilikuwa la kejeli. Tangu aanze kupanda nyuma yake, Bi Vichwa alikuwa amerudia dua zote alizofundishwa utotoni.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mahali palipoandikwa watu, malori yalikwenda. Mahali palipoandikwa sifuri, hayakwenda.

Siku tunayoisema ilikuwa siku ya kufunga orodha. Saa sita kamili mchana ingefungwa, na kesho yake malori yangepakia maturubai, matangi ya maji na dawa. Orodha nyingine ingefunguliwa baada ya mwezi mzima, na mvua kubwa ilikuwa imebakiza wiki moja tu. Bi Vichwa alikuwa amemaliza vituo vyake vyote, anarudi ofisini roho kwatu, pale walipokuta barabara imezibwa na lori lililozama kwenye tope. Taratibu akakata kona, akaingia kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha zamani cha pamba.

"Simama!" Bi Vichwa akapiga kelele. "Simama, simama, simama!"

Breki zikalia, kofia zao zikagongana. Mbele ya bomba moja lililofungwa kwa kufuli zilikuwa zimepangwa ndoo za kila rangi, madumu ya manjano, sufuria isiyo na mkono, hata beseni la kuogeshea mtoto, mstari mrefu uliofuata ukuta na kupinda kona. Mtu hakuwepo hata mmoja. Kila chombo kilikuwa na alama yake: kitambaa, jiwe, herufi za mkaa. Kidole gumba kikaanza kazi chenyewe. Ishirini. Arobaini. Themanini na saba.

"Mtaa huu una nyumba ngapi?"

"Sita," Taratibu akasema. "Saba, ukiweka na ya kinyozi."

"Basi hizi themanini ni za nani?"

Moyo ulimwenda mbio, na si kwa furaha peke yake. Kiwanda hicho alikuwa anakijua. Alishafika mara mbili, zote saa nne asubuhi, kwa geti la mbele. Mara zote mbili alikuta milango ya maghala imezungushiwa nyaya, akachungulia dirishani, akaona giza, akaandika: hakuna watu. Sifuri ile ilikuwa yake, kwa mkono wake mwenyewe.

Kinyozi alitoka nje, mkasi mkononi. "Wenye ndoo? Ni wale wa mafuriko, wanalala maghalani. Saa hizi wako machimboni, mama, wanaponda kokoto. Wanaondoka alfajiri. Maji yanafunguliwa saa tano, hapo ndipo wanakuja mbio. Ndoo zinawashikia foleni."

"Mbona hukuniambia siku zile nilipokuja?"

"Kwani uliniuliza?"

Alimpigia msimamizi wake wa ofisini, akamwaga maneno kwa kasi hadi yule akamwomba avute pumzi.

"Bi Vichwa, siwezi kuipelekea ndoo turubai," msimamizi alisema. "Nipe majina ya wakuu wa kaya na idadi ya watu. Ikipita saa sita hata kwa dakika moja mfumo unajifunga, na hata mimi siwezi kuufungua."

"Utapata," akasema, akakata simu kabla hajaulizwa atawatoa wapi. Maji alishayavulia nguo. Akamgeukia Taratibu. "Unajua kuandika?"

"Mama! Mimi nimefika kidato cha nne."

"Leo cheti chako kitaonekana. Shika daftari."

Saa tano mama mwenye ufunguo wa bomba alifungua kufuli, akagonga chuma mara tatu, na kutoka mteremko wa machimbo wakaja. Wakaja kweli! Wanaume, wanawake, wasichana, weupe kwa vumbi la kokoto tangu kope hadi vidole vya miguu, wakikimbia kama waliosikia jina lao likiitwa. Bi Vichwa alitamani kurukaruka. Lakini walipoiona fulana ya bluu wakasita.

"Mnatuandika ili mtuhamishe?" aliuliza mzee mmoja mwenye dumu.

"Nikuhamishe kwa nini, baba? Mimi nina pikipiki tu, na hata hiyo inanitisha. Nawaandika ili lori la turubai lije."

Watu wakacheka, mzee akataja jina lake, na mambo yakaanza. Kila aliyeinua chombo chake alisema jina na idadi ya watu wake. Hakuna aliyegusa ndoo ya mwenzake, na hakuna aliyechukua mbili. Foleni ilikuwa imeshawachambua vizuri kuliko fomu yoyote. Saba zilikuwa za wenyeji, akaziruka. Taratibu aliandika ulimi ukiwa nje, Bi Vichwa akiingiza kila jina kwenye simu. "Polepole jamani," alilalamika, na hilo neno halikuwahi kumtoka kinywani maishani mwake.

Saa sita kasoro dakika saba ilibaki ndoo moja, ya kijani. Wanawake waliijaza, wakaiweka kando.

"Ya nani hii?"

"Ya mama wa ghala la tatu. Alivunjika mguu siku ya mafuriko. Tunamtekea sisi."

"Sabini na tisa zinatosha, mama," Taratibu akasema. "Tuma!"

Bi Vichwa akaitazama simu, kisha akakimbia. Mlango wa ghala la tatu ulikuwa na waya kwa nje. Safari hii hakwenda dirishani.

"Hodi!"

"Karibu. Zungusha huo waya, majirani huufunga wakienda kazini."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu juu ya gunia, watoto wawili wamemwegemea. Alimwangalia mgeni wake, wala hakuwa na hasira.

"Wewe nakujua. Ulikuja mara mbili, ukaweka uso wako pale dirishani. Wanangu nikawakataza hata kukohoa."

"Kwa nini hukusema kitu, dada?"

"Mtu anachungulia, habishi hodi. Nimjibu nini?"

Bi Vichwa aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. "Nisamehe, dada," akasema. "Jina lako nani, na mko wangapi?"

Mama akataja jina lake. "Tuko watatu."

Akajaza, akatuma. Simu ikaita hapo hapo.

"Kaya themanini, watu mia nne na kumi na wawili, nimeona," msimamizi alisema. "Ila mfumo unakataa. Kuna ripoti mbili zinasema hapo ni sifuri. Lazima nijaze nani alikosea na alikosea nini. Haraka!"

Angeweza kusema watu walihamia jana. Nani angejua?

"Nilikosea mimi."

"Sababu?"

"Andika: alichungulia, hakubisha hodi."

Msimamizi akaandika. Vidole vyake vikasikika vikigonga, kimoja kimoja.

"Imeingia," akasema. "Imebaki dakika moja."

"Imeingia!" Bi Vichwa akapiga kelele katikati ya ghala, na wale watoto wawili nao wakapiga kelele pamoja naye kwa nguvu zao zote, bila kujua ni ya nini.