Nguzo ya Ghorofa ya Tatu

Mlio wa nyundo ya Mzee Mlowe bado ninao masikioni. Nguzo nzima ikigongwa hulia ngii, kama kengele ndogo. Siku ile ilijibu pwa, kama debe la pumba.

Mwanangu, ukifika Makambako tazama lile jengo la ofisi la mviringo, ghorofa nane, pale yalipokuwa yakiegeshwa malori zamani. Mwenye kiwanja, mzee mmoja wa Kiislamu mwenye magari ya mizigo, alitaka mji wake nao uwe na jengo la kuonyeshea wageni. Aliyelichora ni dada wa Njombe. Alisema upepo wa Makambako hauna adabu, ukikuta ukuta bapa unaupiga makofi, basi akalizungusha kama kihenge cha mahindi, upepo ujipitie pembeni. Watu walitucheka!

"Nyie, mahindi ya ghorofa ya nane mtayapandishaje?"

"Nyie leteni mahindi, ngazi tunazo!"

Mimi nilikuwa binti niliyemaliza darasa la saba, nimetoka Njombe na ndoto tele. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia nguzo. Zege likishavuliwa mbao huvikwa magunia, nayo huloweshwa asubuhi, mchana na jioni, siku saba, ili likomae taratibu. Maji tulipandisha kwa ndoo kichwani.

Tulipofika ghorofa ya tatu, tukiwa tumemwaga nguzo yake ya kwanza tu, asubuhi zikawa za ukungu. Kwetu Njombe ukungu ukishuka, hata kuni za jikoni zinalowa. Nikajiambia, Mungu ameshanimwagilia. Siku tatu nzima sikupandisha ndoo. Nilikaa nikiota nitakavyokuwa karani humo ndani, kwenye kiti cha kuzunguka. Sikujua kwamba ukungu wa Makambako ukiondoka, upepo unakausha magunia mpaka yanakakamaa.

Ndipo Mzee Mlowe, fundi mkuu wetu, akaigonga nguzo ile, ikajibu pwa, akaona nyufa. Akamgeukia Asha, aliyekuwa akichanganya zege.

"Asha, umezidisha mchanga. Kusanya vitu vyako."

"Baba, nilipima karai kwa karai, haki ya Mungu!"

Mzee akainama tena kupapasa nyufa. Asha akaanza kufungua kanga aliyojifunga kiunoni kwa kazi. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Tandala, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumtegemea. Nilijua hilo. Na bado ulimi wangu ulikuwa mzito, mwanangu, sikufichi.

"Baba, si Asha," nikasema mwishowe. "Ni mimi. Sikumwagilia. Niliona ukungu."

Mafundi wakaangua kicheko. "Huyu wa Njombe anajengea ukungu!"

Mzee hakucheka. "Binti, juu ya nguzo hii kutakuwa na ghorofa tano. Watakaokaa humo hawatalijua jina lako. Watakuamini tu."

Hakunifukuza. Nguzo ilivunjwa, na kifusi nikakishusha mwenyewe. Makarai mawili ya mwisho Asha alinisaidia, akinisema ngazi nzima: "Ukungu wako mzito huu, mwenzangu!" Nguzo mpya niliimwagilia siku zake zote saba, na ilipogongwa ililia mpaka nikalia nami.

Leo najivunia jengo lile kuliko hata kiti nilichokuwa nikikiota. Basi ota, mwanangu, ota sana tu, lakini ndoo yako ipande kwanza. Ukikosea, sema kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Na ile kazi ambayo hakuna atakayeuliza nani aliifanya, hiyo ndiyo uifanye vizuri zaidi. Mungu akupe mikono ya kuaminika, na watu wakae salama chini ya ulichokijenga.

Siku ya kulifungua jengo, wenzangu wakiwa chini kwenye pilau, nilipanda mpaka ghorofa ya nane. Kwenye kioo kimoja cha dirisha palikuwa na tone la rangi lililosahaulika. Nikalikwangua kwa ukucha, nikapangusa kwa upindo wa kanga, nikashuka.