Watiri Chini ya Leso

Kama kufunikwa leso kungekuwa kazi ya kuajiriwa, Watiri angekuwa amestaafu zamani. Ana miaka arobaini na sita, hajaolewa, na kila binamu aliyefanyiwa ngurario, ile harusi ya kimila, pale kwao Kiganjo amemwita aje asimame kwenye mstari. Wanawake watano hufunikwa gubigubi, bwana harusi hutafuta mkewe, na akifunua asiye wake hutozwa mbuzi. Watiri anajua kukunja magoti apungue kimo. Anajua kuficha mikono iliyochubuliwa na magunia ya karoti sokoni Karatina. Hakuna aliyewahi kumfunua.

Lakini safari hii alikuwa amechoka, na alitaka kitu kimoja tu: kiti. Aliyekuwa akiolewa ni Wamuyu, mtoto wa marehemu dadake, ambaye Watiri alimpokea akiwa na miezi minane, akamsomesha kwa karoti hizo hizo hadi chuo. Kiti cha mama wa bibi harusi kilikuwa pale mbele, kimetandikwa kitambaa cheupe. Wiki nzima alikuwa akikiwaza.

Asubuhi hiyo kakake, Ngatia, alimvuta kando ya tangi la maji.

"Watiri, usiniangalie hivyo. Kiti ya mama inakaliwa na mtu ameolewa. Bibi yangu atakaa. Wewe ingia tu kwa laini na hao wasichana, si umezoea?"

Watiri akachukua leso. Akaenda kwenye mstari. Chini ya leso kulikuwa na joto na harufu ya kitambaa kipya cha dukani. Miguu ilimuuma, machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza akaishukuru ile leso.

Peterson, bwana harusi, alipita polepole huku akina mama wakimchokoza. Akasimama mbele ya Watiri, akashika ncha ya leso, akaifunua.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Mbuzi! Mbuzi!" Watiri alitamani ardhi immeze. Ngatia alikuwa amekwisha kusimama kudai faini.

"Mbuzi nitatoa, mzee," Peterson alisema, bila kucheka. "Lakini sijakosea. Wamuyu aliniambia nianze na mama yake. Ati ni yule ataficha mikono."

Mwisho wa mstari, leso moja ilikuwa ikitikisika kwa kilio. Kicheko kikazimika. Ngatia akatazama viatu vyake. Mkewe ndiye aliyeinuka, akakikung'uta kile kitambaa cheupe, akakitandika upya, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma bila kuambiwa na mtu.

Watiri alikwenda akaketi. Kwa muda hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwishowe akaiweka mapajani, wazi, mbele ya watu wote.