Sukuma Wiki Juu ya Paa la Malaz

Harufu ya udongo uliomwagiwa maji hunisimamisha njiani hadi leo. Hunirudisha Riyadh, mtaa wa Malaz, juu ya paa la jengo letu, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Tulikuwa tumehamia pale kutoka Jeddah, ambako Mama alijifungua mtoto ambaye hakumaliza wiki. Tangu tumzike, Mama hakuomba tena. Baba akiombea chakula, yeye aliangalia dirishani hadi tuseme amina.

Miaka ile kila mtu alizungumzia mageuzi, na kazi nyingi za wageni zilikuwa zikipewa wenyeji. Baridi ilipoisha, kafili, mwajiri aliyetudhamini, alimwambia Baba kwamba ikama zetu, vibali vya kuishi nchini, huenda zisifanywe upya; angojee jibu. Simu ya Baba ikilia, sote tuliacha kutafuna.

Juma hilohilo Mama alipandisha madebe matupu ya mafuta ya kupikia hadi kwenye paa, akayajaza udongo, akapanda mbegu za sukuma wiki alizotumiwa na nyanya kutoka Kakamega. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Baba alikuja kutazama, akasema kwa upole, "Mama Neema, tunaweza kuondoka kabla hujachuma hata jani moja."

"Najua," Mama akajibu, akaendelea kufukia.

Miche ilikuwa imefikia urefu wa kidole alasiri ile mbingu ilipogeuka rangi ya chungwa. Mama aliacha sufuria jikoni, akanyakua abaya yake, akakimbilia ngazi, nami nyuma yake. Tulipofika juu, upepo ukaubamiza mlango, na kitasa kikakataa kufunguka. Mchanga ulichoma kama sindano. Sikuona hata mkono wangu. Mama alinisukuma kati ya tangi la maji na madebe, akatufunika kwa abaya, mimi na miche, akatulalia. Niliusikia moyo wake ukigonga mgongoni mwangu.

Ndipo akapaza sauti. Hakuwa akisema nami.

"Ulimchukua Baraka, nikakunyamazia. Huyu humgusi. Umenisikia?"

Sikuwahi kujua kwamba mtoto yule alipewa jina.

Baba aliuvunja mlango vumbi lilipotulia. Miche mingi ilikuwa imefukiwa. Mama akaifukua mmoja mmoja kwa kidole, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la uso wake. Jioni, kabla Baba hajafumba macho mezani, Mama alisema ataomba yeye. Aliomba kwa kifupi, sauti ikimkwaruza.

Ikama hazikufanywa upya. Tuliondoka sukuma zikiwa tayari kuchumwa, tukawaachia majirani Wasudani wa ghorofa ya chini.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba dhoruba ilimtisha Mama hadi akamrudia Mungu. Nilikuwa mtu mzima, nami nimemzika mwanangu, nilipoelewa kwamba siku ile hakuwa na hofu. Alikuwa na hasira, na alikuwa amechoka kumficha Mungu hasira hiyo. Basi nilipoona midomo yangu imeshindwa kusema amina, nilijifungia chumbani, nikaanza sala yangu kwa kugombana na Mungu.